ZZ yangu inageuka njano na mashina yanalala chini, na maji naipa kila siku, sasa shida nini?

Swali lenyewe limetoka kwa dada mmoja wa Tabata, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mwezi wa pili tulihamia nyumba mpya nikaletewa zawadi ya ZZ, ule mmea wa ndani, ilikuwa na mashina 9 imenona kweli kweli. Nimeiweka sebuleni kona ya tv, kwenye chungu cheupe cha kauri, hakina matundu ila muuzaji aliweka kokoto chini. Naipa maji nusu kikombe kila asubuhi maana joto la Dar unalijua. Sasa mashina manne yamekuwa njano, mawili yamelala kabisa nikiyashika chini yanabonyea. Jirani kasema ina kiu niongeze maji, shangazi kasema nitupe haraka ni sumu inaleta kansa na mi nina mtoto wa mwaka na nusu. Nifanyeje? Na kama ndo inakufa naweza kupata mbegu nianze upya?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera ya nyumba. Kabla sijaenda mbali: leo usiimwagilie. Na kesho usiimwagilie. Jirani mshukuru tu kwa kukujali lakini ushauri wake uache hukohuko barazani, na shangazi naye asubiri kidogo, tutamfikia.

Shida yako ni maji basi. Sio ugonjwa, sio jicho la mtu, sio mwanga wa tv. Hebu tupige hesabu pamoja, nusu kikombe cha chai ni kama mililita 125, ukizidisha mara siku 30 unapata karibu lita 4 kwa mwezi, na hizo lita 4 zote zimeingia kwenye chungu kisicho na tundu hata moja. Zimetokea wapi? Kidogo zimepanda hewani, kidogo sana mmea umekunywa, zilizobaki zipo palepale chini zinachacha. Chukua kile kijiti cha mshikaki, kichomeke kwenye udongo mpaka kigonge chini, ukitoe ukinuse. Kikitoka kimelowa na kina harufu ya mtaro ujue jibu ndo hilo, na mi sitashangaa.

Na hili la kokoto chini niliseme mara moja liishe maana kila wiki naulizwa. Kokoto hazisaidii kama chungu hakina tundu. Watu wanadhani maji yatashuka yakae kwenye kokoto, udongo wa juu ubaki mkavu. Haiendi hivyo. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowanishe, iweke juu ya kokoto uangalie: maji yanabaki kwenye sponji, hayashuki mpaka sponji yenyewe ishibe kabisa ndo ianze kudondosha. Udongo ndo sponji. Kwahiyo kokoto zako zimefanya kazi moja tu, zimepunguza nafasi ya udongo na kusogeza ile sehemu iliyolowa ikaribie viazi. Ndiyo, viazi, huu mmea una viazi chini, na ndiko msiba ulipo.

Sasa ili usirudie tena inabidi ujue huyu mgeni wako katokea wapi, na hapa ndo huwa nacheka peke yangu, maana watu wengi wanaamini ZZ ni mmea wa Uholanzi au China kisa inauzwa kwenye vyungu vya bei na inapambwa kwenye mabenki. Kumbe ni ya hapahapa. Kwao ni Kenya, Tanzania bara na Zanzibar, inashuka Malawi, Msumbiji, Zimbabwe mpaka KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini. Wazungu wengine wanaiita kito cha Zanzibar. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, ndo hizo Z mbili, na ukilipasua utaona ni picha ya mmea wenyewe: zamia ni jamaa wa ule mtapo wetu, majani yake yamepangika kushoto kulia vilevile, na hiyo culcas inatokana na kulkasi, neno la Kiarabu la magimbi. Yaani gimbi lenye majani ya mtapo. Na kweli ni ukoo mmoja na magimbi, shika hilo tutalirudia kwenye habari ya sumu.

London waliijua zamani, kina Loddiges, familia iliyokuwa na kitalu cha mimea, waliiandika mwaka 1829, halafu ikakaa huko karne na nusu hakuna anayehangaika nayo, mpaka miaka ya 1990 kwenye 1996 hivi Waholanzi walipoanza kuizalisha kwa wingi ndo ikaenea duniani na kurudi kwetu kwa ndege ikiwa na bei. Tumeuziwa cha kwetu, haya.

Mi nimekulia Muheza. Nyuma ya michungwa ya babu kulikuwa na kilima cha mawe, na kwenye nyufa za yale mawe huu mmea ulikuwepo, hakuna aliyeupanda, sisi watoto tulikuwa tunauruka tu tukifukuza mbuzi. Sasa mwezi wa kwanza na wa pili jua linapopiga mpaka mawe yanachoma nyayo, ulikuwa unadondosha majani yote, unabaki na vishina vifupi vimenona kama vidole gumba vimetokeza kwenye ufa, ukiuona unasema huu umeenda. Masika ikianza, wiki mbili tatu, unaona mkuki wa kijani unatoka katikati. Hakuna mtu aliyekuwa anaupa nusu kikombe asubuhi.

Siri yake ndo vile viazi. Masika ikinyesha inajaza maji kwenye viazi na kwenye yale mabua manene, ndo maana ukikata bua linatoa maji mengi hivyo, sehemu kubwa kabisa ya lile bua ni maji matupu. Na kiangazi kikikaza ina mbinu nyingine ileile ya nanasi na mkonge, mchana inafunga vitundu vyake vya kupumulia isipoteze maji, inakuja kuvifungua usiku kukiwa na ubaridi. Mmea wa namna hiyo wewe unauchukulia kama mchicha. Mchicha ukikosa maji siku mbili unalala, ukiupa unaamka. ZZ ni kama kiazi kwenye gunia: ukimwagia maji gunia la viazi kila siku asubuhi unategemea nini?

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui na kitakusaidia kesho ukishika kisu: hayo unayoyaita mashina siyo mashina. Kila moja ni jani moja zima, bua lake na vipande vyake vya majani. Shina la kweli ndo lile kiazi lililo chini. Maana yake ukikata "shina" katikati halichipui tena pale ulipokata, litabaki kisiki. Chipukizi wote wanatoka chini, kwahiyo hayo manne ya njano usiyalilie, hayarudi kuwa kijani hata ukiyasomea dua. Linalotuhusu ni chini kumebaki nini.

Basi fanya hivi jumamosi ukiwa na muda, mtoto akiwa amelala. Tandika gazeti nje kivulini. Laza chungu ubavu, gonga pembeni, shika mabua yote kwa pamoja karibu na udongo uvute taratibu. Yale mawili yaliyolala yatabaki mkononi mwako, usishtuke. Ukishautoa wote, pukuta udongo kisha usuuze kwenye beseni mpaka uone viazi. Utakuta vipo vya duara duara, vinafanana na mbatata ndogo au gimbi changa, na vimizizi vinene vyeupe kama tambi. Bonyeza kimoja kimoja kwa kidole gumba. Kizima ni kigumu, ukikikwaruza ganda ndani ni cheupe cha maziwa. Kilichooza ni cha kahawia, kinabonyea, kinatoa uji, na harufu yake unaijua kama umewahi kukuta kiazi kimoja kimeoza kwenye gunia. Mizizi iliyokufa ukiivuta inavuka ganda kama soksi inabaki uzi tu.

Kisu kipanguse kwa spiriti. Kata kila kilichooza, na usikate kwa huruma, endelea mpaka nyama ya kiazi iwe safi yote, ukiona doa la kahawia katikati bado, ongeza kipande. Kisu kikipita kwenye uozo kipanguse tena kabla ya kwenda kwenye kiazi kizima. Vidonda vyote paka jivu la jikoni au unga wa mkaa. Halafu, na hapa ndo watu wananiangusha, USIPANDE SIKU HIYO. Ulaze juu ya gazeti kivulini penye hewa siku mbili au tatu mpaka vidonda vikauke juu viwe na kigaga. Utaogopa, utaona unateseka, ila hauteseki, huo umebeba maji yake mwenyewe kwenye mabua, siku tatu kwake ni kitu kidogo. Nimewahi kusahau mmoja kwenye mfuko wa sandarusi nyuma ya banda la kitalu zaidi ya mwezi, nikaukuta umetoa chipukizi lenye urefu wa kidole.

Kama umekuta viazi vyote vimeoza bado sio mwisho, yale mabua matano yaliyobaki kijani tutayatumia, nitafika.

Udongo. Ule uliokuwepo utupe kwenye maua ya nje, usiurudishe. Hapo Dar wauzaji wengi wanapandia udongo mweusi wa bondeni uliochanganywa na samadi, mzuri kwa mboga ila ukilowa unakuwa kama ugali. Mi nachanganya koleo moja la udongo wa kawaida wa kichanga, koleo moja la mchanga wa mto ule wa chenga sio wa pwani maana wa pwani una chumvi, na koleo moja la vitu vya kuufanya upumue, chenga za mkaa zile zinazobaki chini ya gunia ni nzuri sana na ni za bure, au makapi ya mpunga, au usumba wa nazi ulioloweshwa ukasuuzwa. Samadi iliyooza ikawa kama majani ya chai weka konzi moja tu, mbichi usithubutu. Jaribio lake ni rahisi, ufumbate mkononi ukiwa na unyevu kidogo kisha ufungue kiganja: ukibaki donge ongeza mchanga, ukimeguka wenyewe upo sawa.

Chungu tafuta cha udongo wa kuchoma, vile vya kawaida vya kahawia, kwa vile kinapumua pande zote na kina tundu. Kiwe kinazidi viazi kwa upana wa vidole viwili kila upande, basi. Chungu kikubwa ni udongo mwingi, udongo mwingi ni maji mengi ambayo hakuna mzizi wa kuyanywa. Kile cheupe cha kauri usikitupe, najua ni kizuri na kimelipiwa, kifanye gauni: panda kwenye kopo la plastiki lenye matundu linaloingia ndani yake, siku ya kumwagilia unalitoa unamwagilia nje, unaacha lichuruzike nusu saa unarudisha. Au mpe fundi mwenye drili ya vigae akutobolee, mi sipendi maana vingine vinapasuka.

Panda viazi viwe vimefunikwa kidogo tu, sentimita mbili juu yake zinatosha. Usimwagilie. Subiri wiki nzima ndo uipe maji kidogo ya kwanza.

Baada ya hapo utauliza niimwagilie kila baada ya siku ngapi, na mi sipendi kujibu kwa siku kwa sababu mtu anaweka alamu kwenye simu anafuata alamu badala ya udongo. Kijiti cha mshikaki ndo saa yako. Chomeka mpaka chini, acha dakika tano, toa. Kikitoka na udongo umeganda au kimekuwa na rangi nzito ya unyevu, rudi wiki ijayo. Kikitoka kikavu kama kilivyoingia, hapo mwagilia, na ukimwagilia mwagilia kweli, mpaka maji yatoke chini kwenye tundu, usinyunyize nyunyize. Ila kama unataka nikupe makadirio tu, kwa sebule ya Dar wakati wa joto na chungu cha udongo inakuja wiki mbili mpaka tatu, chungu cha plastiki tatu mpaka nne, na masika hewa ikiwa na unyevu au kipupwe kile cha mwezi wa sita na wa saba inaweza kupita mwezi na zaidi haijahitaji tone. Ndugu zetu wa Njombe, Lushoto au Limuru ndo muwe wagumu zaidi, huo mmea baridi likishuka chini ya digrii 15 unalala haukui, na aliyelala hanywi. Kwenye digrii 10 kwenda chini unaanza kuumia, usiuache barazani usiku.

Ukijiuliza nitajuaje ikiwa na kiu kweli, itakwambia. Mabua yanaanza kuwa na mikunjo ya wima kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, majani yanapoteza ule mng'ao, yanaanza kudondoka yakiwa makavu. Bua ni gumu lakini limesinyaa. Ukiona hivyo mpe maji, siku chache limejaa tena. Ya maji mengi ni kinyume, njano inaanza, bua chini linakuwa laini lina maji maji, linalala likiwa bado zito. Na kuna njano ya tatu ambayo sio shida, bua moja la zamani kabisa la pembeni kuwa njano peke yake taratibu huku mengine yanachipua, huo ni uzee, likate chini ulisahau.

Maji yenyewe, hapo Dar wengi mnatumia visima na mengi yana chumvi. Ukiona utando mweupe kwenye mdomo wa chungu au ncha za majani zinakauka ndo hiyo. Masika kinga ndoo mbili za mvua uziweke kwa ajili ya mimea ya ndani, haitumii mengi. Huna, basi kila baada ya miezi kama mitatu siku ya kumwagilia pitisha maji mengi yasukume ile chumvi itoke chini.

Kona ya tv. ZZ inavumilia giza, ni kweli, ndo maana inawekwa kwenye korido za maofisi inaishi na taa ya bomba tu. Ila kuvumilia sio kupenda. Gizani haikui, na isipokua hainywi, kwahiyo giza na maji ya kila siku ndo vimeshirikiana kukufanyia hivi. Isogeze karibu na dirisha, penye mwanga ambao saa sita mchana ukinyoosha mkono unaona kivuli chake ukutani japo kimefifia. Jua la asubuhi likiigusa saa moja au mbili sio neno. La saa saba usilijaribu, litaichoma utaona madoa ya kahawia kama pasi imewekwa, na hayo hayafutiki. Ukiiweka upande mmoja muda wote itainama kuelekea dirishani, kila ukiimwagilia igeuze robo.

Sasa zile za mitandaoni. Maji ya kuoshea mchele, majani ya chai yaliyotumika, maganda ya ndizi juu ya udongo, bia, yote hayo kwenye ZZ kazi yake ni kufuga vile vinzi vyeusi vidogo vinavyoruka ukigusa chungu. Weka kwenye mchicha huko nje vitaoza vizuri. Na kuna mtindo wa kupaka majani mayonesi au mafuta ya nazi yang'ae. Jamani! Yanang'aa siku mbili, siku ya tatu yamekusanya vumbi lote la Tabata na vitundu vya kupumulia vimezibwa. Kitambaa chenye maji, shika jani kwa chini na kiganja kimoja futa na kingine, mwezi mara moja. Inang'aa yenyewe, hiyo nta ipo kwenye ngozi yake.

Mbolea haina haja kwa sasa, mgonjwa hapewi pilau. Miezi mitatu minne ijayo ikichipua unaweza kuipa NPK ya kawaida ile 17:17:17, nusu ya kipimo walichoandika, iliyoyeyushwa kwenye maji, mara mbili kwa mwaka kipindi cha joto. Wadudu nao ni nadra, ukiona vipamba vyeupe kwenye kona ya bua na jani ni vidung'ata, jamaa wa wale wa mihogo, futa kwa pamba yenye spiriti, rudia baada ya wiki.

Haya, shangazi. Shangazi kaongea kweli nusu. Kansa hapana, huo ni uvumi ulizunguka mitandaoni miaka kadhaa huko nje ukafika na huku, hakuna kitu kama hicho. Ila utomvu wake unawasha, na unawasha kwa sababu ileile inayofanya gimbi bichi liwashe koo, ndani kuna vijisindano vidogo sana vya chumvi ya kalsiamu, macho hayavioni, vinachoma ngozi laini. Ndo maana nilikwambia ukoo mmoja na magimbi. Gimbi tunalichemsha tunakula, ZZ hailiwi kwa namna yoyote ile, sijui umechemsha sijui umekaanga, hailiwi. Wapo wazee wa Usambara Mashariki waliokuwa wanatumia maji ya majani yake kwa sikio linalouma, mi sikushauri, sikio lipeleke zahanati.

Kwa mtoto wa mwaka na nusu ambaye kila kitu ni cha kuonja, iweke juu ambapo hafiki, juu ya kabati au stendi ndefu isiyoyumba, na majani yaliyodondoka yaokote siku hiyohiyo. Akitafuna atalia, mate yatamtoka, mdomo utamuwaka, anaweza kutapika, na kwa kawaida anatema mwenyewe kwa vile uchungu ni wa papohapo. Mfute mdomo kwa kitambaa chenye maji, msukutue, mpe maji au maziwa ya baridi kidogo kidogo, usimtapishe. Ukiona ulimi au midomo inavimba, anashindwa kumeza au anapumua kwa shida, hapo usingoje ushauri wa mtu, kimbia hospitali na kipande cha jani mkononi waone. Na wewe jumamosi ukikata viazi vaa glovu au funga mifuko mikononi, ukimaliza nawa kwa sabuni kabla ya kushika macho.

Nimebakiza la mbegu. Mbegu sahau, ua lake lenyewe wengi hawajawahi kuliona, linatoka chini kabisa limejificha kwenye mabua kama gunzi dogo la njano. Huu unazalishwa kwa jani. Yale mabua ya kijani, kama viazi vyao vimeoza, yakate juu ya ile sehemu laini mpaka ukute nyama ngumu, yakaushe kidonda siku mbili, mawili matatu yasimamishe kwenye glasi ya maji sentimita tatu tu, maji ubadilishe kila wiki. Na mengine nyonyoa vile vijani kimoja kimoja, kila kimoja kivunje na kikonyo chake, acha usiku mmoja vikauke, kisha vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo kama sentimita moja na nusu, bakuli la aisikrimu lililotobolewa linatosha vijani kumi na kitu. Weka penye mwanga bila jua.

Halafu jifanye umesahau. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Wa pili hakuna kitu, jani limekaa tu kijani linakuangalia. Kwenye mwezi wa tatu ukivuta kimoja taratibu unakuta chini pamevimba kijiduara cha kama njegere na vinywele viwili vitatu vya mizizi. Kirudishe. Chipukizi la kwanza linaweza kuchukua nusu mwaka mpaka mwaka mzima, na kuna lingine jani litakauka lote utasema limekufa, usilitupe mpaka uchimbue, mara nyingi limemaliza kuhamishia chakula chake chote kwenye kile kinjegere na kinasubiri mvua. Ndo maana kuinunua ni ghali, anayekuuzia kaisubiri miaka. Bua kwenye glasi linawahi kidogo kuliko kijani lakini nalo usitegemee krismasi hii.

Na ukienda kitaluni kununua nyingine, usiangalie majani, shika chungu ubonyeze pembeni. Kopo la plastiki likiwa limevimba limeenda upande ujue viazi vimejaa humo, chukua hiyo hata kama ina mabua machache. Ukikuta nyeusi tii usidhani inaumwa, ni aina nyingine inaitwa Raven, ilipatikana Korea Kusini, inachipua kijani kibichi halafu inakuja kuwa nyeusi yenyewe, matunzo ni yaleyale ila inakua pole pole zaidi. Usikubali tu mtu akuletee ya kuchimbua porini, kwenye mawe kule iacheni.

Jumamosi ukishaitoa na kuisuuza nitumie picha, na usinitumie ya majani, nitumie ya viazi vikiwa vimepangwa kwenye gazeti, kimoja ukikate katikati nione nyama yake. Hapo ndo nitakwambia kama tunapanda viazi au tunaanza na vijani.